Nyuki wa Megabaiti Nne

Bodi ilinipa laki tatu na elfu arobaini,
nauli ya treni humo humo,
ikasema: kaharakishe mtandao wa Kaliua.
Mhasibu alizihesabu noti mara mbili
kama mtu anayemkabidhi mtoto kwa mjomba mlevi.

Nilifika saa nne. Foleni ilikuwepo tangu saa moja.
Milembe Kapaya, karani wa dirisha la pili,
shavu kwenye kiganja,
alikitazama kile kiduara cha kwenye kioo
kikizunguka, kikizunguka,
kama mbwa anayetafuta pa kulala na hapaoni.

"Huyu mama," akaninong'oneza,
"anadai laki na sabini za asali yake.
Pesa ninazo. Hizi hapa, kwenye droo.
Nangoja Tabora ikubali."

Na Tabora nayo ilikuwa inaiuliza Dar es Salaam.
Swali la maneno matatu, anacho au hana,
linapanda mnara, linapita Urambo,
linavuka nusu ya nchi,
na jibu linarudi limechoka
mama ameshakaa chini, amevua viatu.

Muuzaji wa mjini alishaniambia dawa yake:
dishi jipya, milioni sita, na ada kila mwezi.
Nilimwitikia kwa adabu.
Milioni sita ni madebe mangapi ya asali?
Sikutaka kujua.

Nikakaa juu ya kreti, kompyuta mapajani,
nikawa askari wa kizuizi:
kila kinachopita, simama, fungua mzigo.
Nikamkamata mlinzi na marudio ya mpira wa jana.
Nikaikamata kompyuta ya meneja
ikijipakulia masasisho tangu alfajiri,
polepole, bila aibu, saa za kazi.

Kisha nikamwona yeye.

Nyuki.
Nembo ya ushirika wetu, mabawa ya dhahabu,
aliyechorwa kwa ajili ya bango la maonyesho,
mpana kama mlango wa ghala.
Kuna mtu alimbandika juu ya kila risiti.
Megabaiti nne kila mteja,
nyuki yule yule akipakiwa upya kutoka mbali
ili atue, mdogo kama kunguni,
kwenye kona ya karatasi
ambayo printa yenyewe haina rangi.

Nilimjua aliyembandika.
Nilinyamaza, nikaomba maji ya kunywa.

Mchana ule nilimpunguza nyuki hadi akawa kivuli cha nyuki.
Masasisho nikayahamishia saa nane ya usiku,
saa ambayo waya haumdai mtu.
Stoo kulikuwa na kompyuta nzee, kinyesi cha popo juu yake;
nikaifuta, nikaipa nakala ya leja,
nikaiagiza: jibu wewe kwanza,
na usiku, watu wakilala, kalinganishe na wakubwa.
Milembe akacheka.
"Kwani si ndivyo? Kwetu Ulyankulu
hatuendi mzingani kila tukitaka kulamba.
Debe liko jikoni."

Nkwabi wa kuchomelea akaunga mabomba mawili ya maji,
antena ikapanda juu ya miyombo, ikayumba kidogo, ikatulia.
Elfu themanini na tano, na soda.

Kesho yake kiduara kilizunguka mara mbili
kikaacha.
Milembe alibaki na kidole hewani,
haamini.
Mama wa jana alihesabu laki na sabini zake
akaniangalia, si kwa shukrani:
"Kumbe dakika moja. Jana mlinikalisha kwa nini?"

Sina jibu la kumpa mtu aliyelala stesheni.

Nilirudisha chenji. Mhasibu akaihesabu mara mbili.
Kwenye ripoti niliandika: chanzo cha tatizo, picha.
Jina la aliyeibandika halimo.
Nimeliacha lije huku,
mahali ambapo bodi haisomi:
ni mimi, Mihayo Lugendo,
mwaka juzi, siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri,
na nilijisifu kwamba imependeza.