Chupa Iliyoganda

Mheshimiwa mwenyekiti, nimeambiwa nina dakika tatu.
Nimesafiri saa kumi na tisa kuzifuata,
basi likizimika mara mbili katikati ya theluji,
kwa hiyo naomba nisikatizwe.

Jina langu Dulamsuren. Mimi ni mpishi wa bweni la shule
kule ukingoni mwa Gobi, ambako baridi ya Januari
hupasua pembe za fahali.
Sikuja na hotuba. Nimekuja na hii.

Ni chupa ya insulini. Ipitisheni, mwitazame mwangani.
Safi, sivyo? Angavu kama chozi.
Nani kati yenu atanionyesha mahali ilipofia?

Iliganda dirishani, usiku ule makaa yalipotuishia.
Asubuhi ikayeyuka, ikajifanya nzima.
Mlezi wa bweni akaipima kwa macho,
mwanangu Munkhtur akajidunga, akajidunga tena,
na sukari ikapanda tu,
ikapanda,
hadi pumzi yake ikanukia matunda,
huko kwetu ambako hata tufaha huja kwa lori.

Kilomita mia mbili na arobaini mpaka hospitali.
Nilimfunika ndani ya joho langu la ngozi ya kondoo,
dereva akiimba asije akasinzia.
Alipona. Nalisema mapema,
sitaki machozi yenu kwa mtoto aliye hai.
Yawekeni kwa binti wa Khorloo, bweni la pili kutoka letu.
Chupa yake nayo ilikuwa angavu.

Kisukari! Nani alikipa jina dogo hivyo,
kama anayebembeleza mtoto alale?

Sasa tuna ujanja wetu.
Munkhtur hulala na dawa ndani ya soksi, kwapani,
akiiatamia kama yai.
Ana miaka kumi na mmoja na hajigeuzi ovyo usingizini.
Vijiti vya kupimia damu anagawiwa kimoja kwa siku.
Kimoja!
Mwambieni dereva wenu afumbue macho mara moja tu
kutoka hapa hadi nyumbani kwenu,
kisha mpande gari lake.

Ninaloomba halijazi ukurasa:
kabati la dawa lisiloganda, kila bweni.
Vijiti vinne kwa siku.
Na mtu mmoja, muuguzi au yeyote aliyefunzwa,
wa kuamka saa tisa za usiku
mtoto anapotetemeka na hajui ni baridi au ni sukari imeshuka.

Mtasema mlikwisha ahidi. Kweli.
Nilikuwa pale nyuma, karibu na mlango, mwaka juzi.
Ahadi ilisomwa, ikapigiwa makofi, ikagongwa muhuri,
kisha ikapitisha majira mawili ya baridi humu ndani.
Leo mmeitoa tena, inang'aa.
Mniwie radhi nikiitazama mwangani.

Kengele.
Naona. Zimekwisha.

Mwenyekiti ananishukuru kwa ushuhuda wenye kugusa.
Naiacha chupa mezani, kando ya glasi yake ya maji.
Karani ananikimbilia kwenye ngazi, kalamu mkononi:
mama, kile kielelezo, nikiandikishe kama dawa?

Namwambia akaiulize kamati.
Basi la kurudi linaondoka saa nane,
na soksi ile nyingine bado sijaishona.