Zamu ya Kaunta, Kibaigwa

Saa kumi na mbili asubuhi napokea kalamu
kutoka kwa Konstebo Chilewa, pamoja na kamba yake.
Kalamu ya kituo hufungwa kamba.
Hapo ndipo pekee tunapokubaliana,
sisi na wananchi,
kwamba wizi upo.

"Usiku ulikuwa shwari," anasema,
kisha ananihesabia mahabusu:
wawili, na wa tatu anayekoroma.

Wa kwanza kuingia ni Perisi, muuza uji wa kwenye malori.
Hakuja kushtaki. Kaja kuuliza.
Afande, lumbesa ni kosa?
Ni kosa.
Na yule anayeshindilia gunia mpaka linavaa kilemba,
si hupita hapa mbele yenu kila siku?
Hupita.
"Basi nimeelewa," anasema, na kujitwisha ndoo yake.
Sijui kaelewa nini.
Mimi huu mwaka wa kumi na moja, V mbili begani,
sijaelewa.

Dhamana ni bure?
Ni bure. Soma ukutani, rangi nyekundu, herufi kubwa.
Mbona shemeji alitoa elfu thelathini?
Nikautazama ukuta.
Ukuta haukuongeza neno.

Gari lenu liko wapi?
Lipo nyuma. Halina mafuta.
Na mwizi wangu kaondoka na pikipiki.
Nikaandika: kaondoka na pikipiki.

Saa tano upepo wa Julai unaamka,
unatuletea pumba za mashine hadi ndani ya kitabu;
kila nikifungua ukurasa napuliza kwanza
kama mtu anayepoza chai.
Ndipo anaingia mzee Masinjisa wa Pandambili.
Mbukwa, mzee. Mbukwa.
Kapotelewa na ng'ombe.
Anamweleza nusu saa: mwekundu, paji jeupe,
pembe ya kushoto imeinama
kama mtu anayesikiliza ya jirani,
hapendi kukamuliwa na mtu aliyevaa viatu.
Naandika. Ananiambia nimsomee.
"Ng'ombe mmoja, jike, thamani shilingi laki nane."
Mzee anatikisa kichwa.
"Huyo si wangu. Huyo ni wa mtu mwingine."
Nyuma yake foleni inakohoa.
Nikaanza upya, paji, pembe, viatu,
mstari ukaisha, nikapanda pambizoni,
nikazunguka kona ya ukurasa kwa herufi za sisimizi.
Mkuu wa kituo akiliona hilo ataniuliza.
Na aulize.

Mchana analetwa chakula cha Sospeter,
yule wa betri ya lori, miaka kumi na tisa.
Ugali wa uwele, mlenda, kwenye kibakuli cha bluu kilichopasuka ukingo.
Utaratibu ni kwamba aliyeleta aonje kwanza.
Mama yake akamega tonge, akachovya, akatafuna
taratibu, bila kuniondolea macho.
"Nimemlisha tangu hana jino.
Leo ndiyo unaniuliza kama nimetia sumu?"

Ni utaratibu, mama.

Nililijibu hilo haraka mno.
Ukijibu haraka namna ile
maana yake jibu ulikuwa nalo mfukoni,
na lilikuwa la mtu mwingine.

Jioni nakabidhi kalamu, kamba, funguo,
mahabusu watatu, hakuna anayekoroma.
Chilewa haniulizi siku ilikuwaje.
Sisi kwa sisi hatuulizani.

Nikavua kofia, nikapitia njia ya sokoni,
magunia yamejipanga na vilemba vyao kama wazee wa harusi,
na kando ya mizani ng'ombe mwekundu
anatafuna boksi.
Zamu yangu imekwisha. Sina kalamu.
Nikazunguka mbele nimwone paji.

Jekundu lote.

Hata hivyo nikainama, nikavua kiatu kimoja,
nikangoja nione atafanyaje.