Nati Namba Kumi

Saa mbili kasorobo, hotelini kwa Kadenyi,
nyuma ya soko la Kibuye, mabenchi yamekwisha kujaa,
na runinga imefungiwa ndani ya kizimba cha vyuma
nilichokichomelea mimi, weldi yangu ya kwanza,
mbaya kama kidonda, lakini mwizi bado hajakifungua.

Humo ndani Wazungu wenye ndevu za kusuka
wanaunda pikipiki kwa siku tano.
Kuna saa inayohesabu kinyumenyume.
Kuna mtu wa kupiga kelele.
Tenki linachorwa ndimi za moto,
bomba la moshi linang'aa kuliko sinia la arusi,
na sisi, oili ingali kwenye kucha, tunatoa hukumu.

Mulama wa stendi ya boda ndiye huanza:
"Sasa hapo abiria atakaa wapi?
Gunia la omena je? Kreti ya soda?
Nionyeshe hiyo ikipanda Riat na mama mjamzito,
na mkoba wake, na mvua,
ndipo nikwambie kama ni piki au ni pambo."

Olweny wa weldi hatazami uso wa mtu.
Hutazama mikono.
"Huyu kijana anajua. Ona anavyoburuta moto bila pupa."
Mara kamera inaruka, na chuma tayari kimepoa,
kimepigwa msasa, kimepakwa rangi.
Olweny anasonya: "Hapo wametuibia mchana mzima."

Kadenyi mwenyewe hajali injini.
Anamfuatilia yule baba na mwanawe.
"Leo wamesemezana?" anauliza kutoka jikoni.
Wiki jana baba alirusha kiti.
Wiki hii mwana ameupiga mlango teke.
Mulama anasema ni maigizo, hulipwa kwa kila tusi.
"Hata kama," anajibu Kadenyi,
"yale machozi hayakuwa ya kitunguu."

Fundi Nyangweso, aliyenifunza kazi,
hainywi chai yake kipindi kikiwa hewani.
Anaishika tu, mpaka utando unaganda juu.
Mwanawe Ochola aliondoka mwaka wa nne sasa.
Alifuta spana zote kwa kitambaa,
akazipanga kwa ukubwa, nane hadi ishirini na nne,
akaenda Eldoret.
Hakuna mlango uliopigwa teke.
Gereji yetu haina mlango.

Niliwahi kumuuliza: fundi, wewe waonaje kipindi hiki?
Akanyamaza mpaka tangazo la sabuni likaisha.
"Hao," akasema, "angalau wanagombana."

Yangu mimi, ingawa hakuna aliyeniuliza:
hawaonyeshi nati ikipotea.
Nimetazama tangu Januari, sijaona hata mmoja
akipiga magoti,
akipapasa vumbi kwa sumaku ya spika iliyokufa,
akiopoa vizibo vya soda, pini, shilingi yenye kutu,
kila kitu ila nati namba kumi
ya mteja aliyesimama pale, helmeti mkononi,
akiuliza kama ni leo au ni kesho.

Jana ilikuwa zamu yangu kuinama.
Giza limeshaingia, wauza mitumba wanafunga marobota,
nikasikia goti jingine likitua kando yangu
likilia kama bawaba kavu.
Nyangweso, na tochi ya simu.
Tukatafuta. Hakuna saa iliyotuhesabia.
Akasema, bila kuinua kichwa,
"Ochola alikuwa na macho ya kuona nati."
Nikasema, "Namba yake unayo?"
Mwanga wa tochi ukatulia mahali pamoja, kwa muda,
mahali ambapo hapakuwa na kitu.
Akasema, "Sogeza sumaku huku."