Daftari la Kijito

Walinipa daftari lenye safu tano,
tochi ya kichwani, na elfu kumi kwa usiku.
Tarehe. Saa. Mvua. Idadi. Maelezo.
"Usiandike unachodhani," alisema Dokta Kavindi,
"andika ulichosikia."
Nami Ponsiano, mzaliwa wa Rondo,
nikateremka korongoni kwa makalio,
mkono kwenye mizizi, siafu kwenye suruali.

Bibi Somoe alimwita mgonga-kijiko:
ti, ti-ti, ti,
kama mtu anayekoroga chai kwenye kikombe cha bati
akimngoja mgeni asiye na haraka.
Hajazi kifuniko cha soda.
Mgongo, jani lililooza.
Tumbo jembamba hivi kwamba ukimmulika
unauona moyo ukihangaika.
Zamani tulimtukana, bibi alisema;
nani atalala na kelele hizi?

Mwezi wa kwanza niliandika tisa.
Wa pili, nne.
Juni watu wakapuliza mikorosho,
salfa ikashuka bondeni pamoja na ukungu,
ikatanda majini, njano,
na mimi pia nilipuliza, mikorosho kumi na minane,
ada ya mtoto haitoki kwa chura.
Nikaandika mbili.
Kisha sifuri. Kisha sifuri.
Nikachora sifuri nyingi, zimeshikana,
mpaka ukurasa ukafanana na mayai yake.

Karatasi ikaja kutoka mjini, ina muhuri:
*Yumo hatarini mno kutoweka.*
Niliisoma kwa sauti dukani kwa Litunu.
"Hilo daraja la ngapi?" akauliza, akipima sukari.
Nikamwambia ni kama korosho,
ila huku ukipandishwa daraja
ujue umekwisha.
Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Mwaka huohuo kijito kikaingizwa bombani.
Dada yangu Esha, mwenye kipara cha ndoo utosini,
alifungua koki, akafunga, akafungua,
akanyesha kanga yake yote kwa makusudi.
Mwambie wewe, kama una mdomo,
kwamba maji yale yalikuwa na mwenyewe.

Jana kamati ya maji ikanituma:
tangi linapoteza, mtaa wa chini hawapati.
Nikapanda na spana usiku, baada ya mvua.
Nyuma ya chemba, pale kiungo kinapovuja,
saruji imeota ukoga, kijani,
maji yanachuruzika upana wa vidole viwili:
kijito kizima, chote kilichobaki.

Ti.
Nikazima tochi.
Ti-ti.
Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi,
nikingoja wa pili amjibu.
Alikoroga peke yake.
Ti.

Spana ilikuwa imeshashika nati.
Nilimfikiria Esha. Nilifikiria mtaa wa chini,
ndoo zimepangwa foleni tangu alfajiri.
Nikakaza robo. Nikasikiliza.
Nikakaza tena kidogo, nusu mzunguko labda,
nikaacha matone.

Leo mwenyekiti ananiuliza kama nimemaliza.
Nimemwambia nati imeliwa na kutu,
inataka mpya, kutoka Lindi,
na Lindi, mwenyekiti, si unajua barabara yetu.

Daftarini nimeandika kwa penseli:
Mvua, ndiyo. Idadi, moja.
Maelezo:
bomba linavuja.