Mhakiki wa Pili

Makala ilifika Jumanne, kurasa arobaini na moja,
ya Halszka Wrona wa Zabrze,
aliyekaa miaka mitatu jikoni kwa wajane wa wachimba makaa
akihesabu nani humkopa nani chumvi,
na nani habishiwi hodi tena.

Mhariri akaiondolea jina, akaituma kwa wahakiki watatu.
Wa kwanza alisifu. Wa tatu hajajibu hadi leo.
Wa pili aliandika: “Nadharia iko wapi?
Wajane kumi na tisa si jamii.”

Mimi ni karani tu wa jarida. Napanga foleni,
nawakumbusha maprofesa ahadi zao.
Najua kurasa zetu ni mlango mwembamba:
apitaye hupata kazi, kiti, jina;
abakiye nje, hata akisema kweli,
amesema na mto wake wa kulalia.

Lakini hilo la kumi na tisa lilinikwama kooni.
Mgodi ulipommeza baba
tulikuwa na jirani mmoja, Gertruda wa ghorofa ya pili.
Mmoja.
Nani alimwambia kwamba hatoshi?

Halszka alirekebisha mara nne.
Nadharia iliingia na viatu vyake vya matope,
chumvi ikasukumwa hadi tanbihi ya ishirini na sita.
Ikachapwa Machi, kule mbele kabisa,
na sasa hata mawaziri wa Warszawa huinukuu.

Nilimpelekea mama nakala.
Akavaa miwani, akalamba kidole, akafunua pole pole
mpaka kwenye zile herufi ndogo za chini.
“Na hii chumvi,” akauliza, “ilirudishwa?”