Kelele Zimeondolewa

Mama alizirekodi beti zake jikoni, Al-Khuwair,
kwa kinasa sauti cha mkopo kutoka Ruwi,
alfajiri, kabla kiyoyozi cha jirani hakijaanza kunguruma.
Hadhira: mimi, miezi saba, na maharage motoni.
Nakala moja akampa mwenye duka la kanda
amnakilie bibi harusi wa mtaa wa nyuma.
Hakusaini kitu. Alisema tu, "Uitunze."

Juzi nimeupandisha ukanda mtandaoni
ili shangazi Rayya, aliyeko Sohar, asikie.
Hazikutimia dakika nne,
mashine ikanijibu kwa Kiarabu chenye adabu:
Sauti hii ina mwenyewe.
Mwenyewe si wewe.

Mwenyewe ni kampuni, ghorofa ya thelathini, Dubai,
iliyonunua makasha ya duka lililofilisika,
ikaziosha kanda kama mtu aoshavyo mchele.
Nikaisikiliza nakala yao. Safi. Safi mno.
Kikohozi cha mama hakimo.
Filimbi ya sufuria ya presha, ubeti wa tatu, haimo.
Kilio changu, pale anaposita na kusema
"Nyamaza, baba, mama ana kazi,"
hakimo, wala yeye hasiti.
Chini wameandika: Kelele zimeondolewa.

Ofisini nikachukua namba: mia moja na kumi na nne.
Fomu inauliza:
Tarehe ya kutolewa mara ya kwanza?
Nikaandika, siku ya maharage.
Nikafuta.
Mashahidi?
Bi Zeyana, marehemu. Bi Nunu, marehemu.
Mtoto mchanga, ndiye anayejaza fomu.

Karani, Ghaniya bint Harith, jina liko kifuani,
aliyasoma majibu, akainua uso,
akakiacha Kiarabu mlangoni kama viatu:
"Kaka, sheria inamjua mtunzi. Jiko hailijui.
Nionyeshe kitu ambacho wao hawana."

Nikamwekea simu sikioni: ukanda wa mama, mchafu,
wenye kutu ya miaka.
Akakisikiliza kikohozi. Akaisikiliza filimbi.
Nilipolia, akacheka,
akaziba mdomo kwa ncha ya shela.
Kisha akagonga muhuri mmoja kati ya miwili:
Imepokelewa.
Wa pili ni wa mkuu wake,
na mkuu yuko likizo hadi baada ya Idi.

Usiku nimempigia shangazi,
nikazibana simu mbili, mdomo kwa sikio,
njia ambayo hakuna mashine iliyoisimamisha bado.
Alikuwa kimya mpaka ubeti wa mwisho,
nikadhani mtandao umekatika.
Kisha akauliza, sauti imemlowa:
"Na huyo anayelia hapo katikati, ni nani?"

Nikamwambia,
mwenyewe.