Tundu la Pazia

Msililowanishe. Hilo ndilo neno la kwanza.
Rangi hii ni chokaa na gundi ya kwato,
tone moja tu la maji, picha itashuka kama uji.
Kalunde aliwaambia hivyo vijana wanne
waliopanda dari la Ukumbi wa Reli, Tabora,
kuliteremsha pazia lililolala juu ya boriti
tangu mwaka ambao hakuna anayeukumbuka sawasawa.
Mmoja alisema sabini na tatu. Mwingine: mwaka wa kipindupindu.
Mimi nilishika taa.

Lilinuka popo na mafuta ya taa.
Tukalikunjua shibiri kwa shibiri
juu ya meza kumi na mbili za kantini,
na picha ikaanza kutoka miguuni:
reli, magurudumu, halafu moshi
mnene kama mkia wa kondoo,
halafu ziwa, ambalo fundi Msabila hakuwahi kuliona.
Alisimuliwa na makanika wa Kigoma,
akampa kiboko pembe.

Pembezoni, matangazo:
BAISKELI ZAFUFULIWA HAPA.
ASALI NA NTA. HATUKOPESHI.
SUTI KWA SIKU TATU, SHILINGI AROBAINI.
Maduka yamekufa. Bei ziko hai.

Akaja Ofisa Utamaduni, shati limenyooka kwa pasi.
"Kwa nini msipake upya? Yupo kijana kule Ng'ambo,
siku mbili tu, linang'aa."
Kalunde hakumjibu. Alimpa brashi ya manyoya.
"Polepole, kama unamtoa mtoto tongotongo."
Akapangusa. Vumbi likaondoka
kwenye dirisha la behewa la tatu,
mlikuwa na uso mdogo kuliko ukucha,
unamtazama.
Akavua saa, akaomba kiti.

Nyufa tulizishika kwa nyuma, merikani juu ya merikani.
Likabaki tundu moja, katikati ya ziwa,
duara, limekatwa kwa wembe, kwa makusudi,
kingo nyeusi zinazong'aa.
Shija alikwisha kukata kiraka
bajaji ilipomshusha Bi Nyanzala wa Isevya,
mama mkwe wa kila mchezo wa enzi hizo.
"Weka mkasi chini, mwanangu.
Hapo tulichungulia kuhesabu vichwa.
Zaidi ya mia, usiku ule tunakula nyama.
Chini ya ishirini, chai."

Weusi ule, kumbe, ni mapaji ya nyuso:
poda, jasho, mafuta ya nazi,
hofu ya watu waliokwisha kuzikwa.
Kalunde akaandika daftarini:
*Tundu. Lisizibwe. Lisisafishwe.*

Tukalitundika asubuhi moja, lipigwe picha.
Bi Nyanzala akazunguka nyuma.
Tundu lilikuwa juu yake sasa,
tukampa kreti la soda akasimama.
Sisi, bila kuambizana, tukakaa kwenye viti,
tukanyamaza, Ofisa akafunga kifungo cha shingo.

Ziwa likafumbua jicho.
Likatembea juu yetu, kiti kwa kiti.

"Saba," ilisema sauti nyuma ya maji.
"Chai."